Volti 48 na Mzuka Ndani ya Waya

Mwaka jana rafiki yangu anayesoma idara ya Kiswahili aliniomba nimsaidie kurekodi hadithi za bibi yake, mama wa miaka zaidi ya 80. "Wewe si mtu wa fizikia? Njoo na ile mashine yako." Mashine yenyewe ni priampu niliyoiunda kwa mikono yangu, yaani kifaa kinachopokea sauti dhaifu kutoka kwenye maikrofoni na kuikuza kabla haijafika kwenye kinasa sauti. Nyumbani nilikuwa nimeijaribu kwa waya mfupi, "moja, mbili, tatu", nikaridhika.

Kwa bibi tulitandaza waya wa mita kumi, ukapita nyuma ya friji. Bibi akatusimulia kisa cha safari ya mama yake kwa karibu saa nzima. Mimi sikuvaa hedifoni. Tuliporudi na kusikiliza, sauti ya bibi ilikuwa imezama chini ya mngurumo mzito, mfano wa nyuki ndani ya debe.

Nikaifungua priampu, nikachukua mita. Maikrofoni ya aina ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 unaopitia waya uleule wa sauti, na mafundi huuita umeme wa fantomu. Nikapima pini ya pili: volti 48. Pini ya tatu: karibu 48. Nikasema umeme upo, tatizo liko kwingine. Nikahangaika jioni tatu na kondensa, kapasita, athi na kila kitu kingine. Jibu nililipata baada ya kuacha kupima na kuanza kusoma umeme huu ulitoka wapi. Twende taratibu.

Neno fantomu maana yake ni mzuka, na mzuka huu ulizaliwa kwenye simu kabla ya kuingia studio. Miaka ya 1880 waya wa simu za masafa ulikuwa ghali. Mwaka 1882 Frank Jacob wa Uingereza alipendekeza njia ya kupata mazungumzo matatu kwenye jozi mbili tu za waya, na mwaka 1886 Mmarekani John J. Carty akaiboresha kwa kutumia transfoma. Ujanja ni huu: kila jozi inabeba mazungumzo yake kama kawaida, halafu mazungumzo ya tatu yanatumia jozi nzima ya kwanza kama waya mmoja na jozi nzima ya pili kama waya mwingine. Kwa kuwa waya mbili za jozi moja zinabeba sehemu sawasawa za mazungumzo hayo ya tatu, anayesikiliza kwenye jozi hiyo hasikii kitu. Mazungumzo yapo, lakini hayaonekani. Ndiyo maana wakayaita mzuka.

Sharti lake ni moja: usawa. Waya moja ikizidi mwenzake kwa ukinzani, mazungumzo ya tatu yanavuja na kusikika kwenye simu za watu wengine.

Sasa turudi kwenye maikrofoni. Kondensa za zamani, kwa mfano U 47 ya kampuni ya Neumann iliyotoka mwaka 1949, zilitumia valvu. Valvu inataka umeme wa kupasha moto na volti nyingi za kuiendesha, kwa hiyo kila maikrofoni ilitembea na sanduku lake la umeme na waya mnene wa nyuzi nyingi. Miaka ya 1960 transista zikaja, zikihitaji umeme kidogo sana. Wahandisi wakajiuliza: kwa nini tusiupitishe kwenye waya wa sauti?

Schoeps walitangulia mwaka 1964 na CMT 20, iliyotengenezwa kwa mahitaji ya redio ya Ufaransa, ikitumia volti 9 hadi 12. Mwaka 1966 Neumann wakaleta KM 84 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway, NRK. Studio za NRK tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 uliofungwa kwa ajili ya taa za dharura. Basi wakautumia huohuo. Namba inayoandikwa leo kwenye vitufe vya mixa duniani kote, hata zile za makanisani kwetu, ilitokana na taa za dharura za Norway. Ilibahatika pia kwamba volti 48 zilitosha kuichaji moja kwa moja kapsuli ya maikrofoni.

Namna ya kuupitisha ni ileile ya simu. Volti 48 zinaingia kwenye waya zote mbili za sauti kwa pamoja, kila moja kupitia rezista yake ya kilo-omu 6.8, na kurudi kupitia waya wa kinga. Kati ya waya mbili za sauti tofauti ni sifuri, kwa hiyo priampu haioni kitu. Baadaye viwango vya Kijerumani, na kisha vya kimataifa, vikaliandika sharti la zamani kwa lugha ya namba: rezista hizo mbili zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 0.4. Kwa 6,800 hiyo ni omu 27 tu.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikashika priampu tena. Nilikuwa nimepima volti, lakini je, nilipima usawa? Mita ya kisasa haivuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo hata rezista mbovu itakuonyesha karibu 48 ikiwa hakuna kinachokula umeme. Nikabadili kipimo. Nikaweka mita kwenye miliampia, nikaunganisha pini ya pili na pini ya kwanza, ambayo ndiyo athi. Hesabu inasema 48 gawa kwa 6,800, yaani miliampia 7. Nikapata 7. Pini ya tatu: 0.7.

Mara kumi pungufu! Nikaiwekea taa rezista ile. Ya 6.8 ina mistari bluu, kijivu, nyekundu. Yangu ilikuwa bluu, kijivu, chungwa: kilo-omu 68. Usiku, chini ya balbu ya njano, nyekundu na chungwa ni ndugu. Umeme wa friji uliingia sawasawa kwenye waya zote mbili, na ungepaswa kufutana kwenye priampu. Mimi mwenyewe niliuvunja usawa, mzuka ukajitokeza.

Kama unaunda ya kwako, fuata mpangilio huu. Pima volti bila maikrofoni, kisha mkondo wa kila pini kwenda athi, na kabla ya yote pima rezista zako mbili na uchague zinazolingana. Jambo lingine, usichomeke wala kuchomoa waya wakati volti 48 zimewashwa. Mwaka 2001 wahandisi Gary Hebert na Frank Thomas walionyesha kwamba kapasita za mlangoni, zikitoa chaji yake ghafla, zinaweza kusukuma mkondo wa ampia kadhaa ndani ya priampu na kuua chipu.

Tulirudi kwa bibi baada ya mwezi mmoja na rezista mpya ya shilingi chache. "Shikamoo bibi, tumekuja tena." Akacheka, akakubali. Sauti ilitoka safi kabisa, unasikia hata kikombe kikiwekwa mezani. Lakini kisa alikifupisha, na majina mawili ya vijiji hakuyataja tena. Rafiki yangu amehifadhi ile rekodi ya kwanza, na jioni nyingine anavaa hedifoni kujaribu kuyasikia chini ya mngurumo.