Mkongwe Kikosini: Hoja ya Roger Milla

Katika mabaraza ya kandanda, suala la mchezaji aliyeanza kuzeeka halijapata kumalizwa. Upande mmoja husema ujana ni moshi, ukenda haurudi. Upande wa pili hujibu kuwa utu uzima dawa. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Lakini ipo nchi ambayo ubishi huo ulitoka barazani ukafika Ikulu, kisha ukaenda kuamuliwa uwanjani mbele ya ulimwengu mzima. Nchi hiyo ni Kameruni, mwaka ni 1990, na aliyebishaniwa ni Roger Milla.

Milla alizaliwa Yaoundé tarehe 20 Mei 1952. Mwaka 1975 alikuwamo katika timu ya Tonnerre iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika, na mwaka 1976 alitunukiwa Mpira wa Dhahabu wa Afrika. Kisha akenda Ufaransa, akachezea Valenciennes, Monaco, Bastia, Saint-Étienne na Montpellier. Alikuwapo Hispania mwaka 1982, Kameruni ilipoingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikatoka sare mechi zote 3 na kurudi nyumbani bila ya kushindwa. Alikuwapo pia ilipochukua Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1984 na mwaka 1988. Baada ya hapo akaiaga timu ya taifa, akaenda kumalizia siku zake za mpira Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, katika klabu ya Saint-Pierroise.

Huko ndiko ilikomfuata sauti ya washabiki. Alialikwa nyumbani kucheza katika mechi ya kumuaga sahibu yake, Théophile Abega, na waliomtazama wakaona kuwa mguu haujasahau. Kombe la Dunia la Italia lilikuwa linakaribia. Wito wa kumrejesha ukakua hata Rais Paul Biya akaingilia kati, na jina la Milla likaandikwa katika kikosi cha kocha Valeri Nepomniachi.

Waliopinga hawakuwa watu wa husuda. Nafasi za kikosi zina hesabu, na kila anaporudishwa mkongwe yupo kijana anayeachwa. Mpira wa Réunion, walisema, si wa kupimia miguu itakayokabili mabingwa wa dunia. Tena timu hupangwa na kocha, haipangwi na Ikulu. Waliomtaka nao walikuwa na yao: mshambuliaji hafungi kwa mbio tu, hufunga kwa kujua mpira utaangukia wapi kabla haujaanguka, na ujuzi huo haupatikani kwa mazoezi ya miezi michache. Kila upande ulikuwa na haki yake, na ilibaki uwanja useme.

Tarehe 8 Juni 1990, mjini Milan, Kameruni iliwafunga mabingwa Argentina 1–0 kwa kichwa cha François Omam-Biyik. Milla, mwenye umri wa miaka 38, aliingia mwishoni tu. Siku 6 baadaye, mjini Bari, aliingia kipindi cha pili dhidi ya Romania, akafunga mabao 2, akakimbilia kibendera cha kona na kucheza ngoma ambayo dunia haijaisahau. Dhidi ya Muungano wa Kisovieti aliingia pia, lakini hakuokoa kitu. Kameruni ilifungwa 4–0. Mjini Napoli, katika muda wa nyongeza, aliifunga Kolombia mabao 2. La pili alilipata kwa kumpokonya mpira mlinda mlango René Higuita aliyetoka mbali na lango lake akitaka kumpiga chenga. Katika robo fainali aliingia baada ya mapumziko, akaangushwa ikapatikana penalti, akampasia Eugène Ekéké bao la pili, na Uingereza ikawa nyuma mpaka dakika ya 83. Mwisho Uingereza ilishinda 3–2, lakini hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika hapo kabla.

Katika mechi zote 5, Milla hakuanza hata moja. Hili husahauliwa na wanaomtaja kama ushahidi kuwa umri si kitu. Umri ulikuwa kitu, na kocha aliujua: alimweka akiba mpaka wapinzani wachoke, ndipo akamwingiza. Wahenga hawakusema utu uzima chakula. Walisema dawa, na dawa hunywewa kwa kipimo.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuja miaka 4 baadaye, nchini Marekani. Milla, sasa mwenye miaka 42, aliitwa tena. Katika kikosi hicho hicho alikuwamo Rigobert Song, kijana wa miaka 17, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1976 ambao Milla alipewa Mpira wa Dhahabu. Tarehe 28 Juni 1994 Kameruni ilikwenda mapumziko ikiwa imefungwa na Urusi 3–0. Milla aliingia kipindi cha pili kilipoanza, na hata dakika moja haikutimia akafunga. Hakuna mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyekuwa amefunga katika Kombe la Dunia, na hadi mashindano ya 2022 hakuna aliyempita. Lakini Urusi ilishinda 6–1, Oleg Salenko peke yake akifunga mabao 5, na Kameruni ikamaliza ya mwisho katika kundi lake. Dawa iliyoponya mwaka 1990 haikutosha kwa maradhi ya 1994, kwa sababu timu iliyoizunguka haikuwa tena ile ile.

Hivyo kila upande wa baraza una mwaka wake wa kuushika. Anayemtetea mkongwe hutaja Napoli. Anayemtetea kijana huuliza ni nani aliyekosa nafasi. Na baina yao yupo Milla mwenyewe, ambaye matunda yake hayakuishia kwake: Afrika iliyokuwa na nafasi 2 tu katika Kombe la Dunia la 1990 ilipewa nafasi 3 katika lile la 1994, na vijana walioachwa nje wakapata mlango mpana zaidi wa kupitia.