1195: Namba Tuliyoihitaji Wakati wa Kafyu

Wasee, mnakumbuka Machi 2020? Kafyu ilianza saa moja jioni. Kwa ploti yetu ya mabati, tulimsikia mama jirani akipigwa. Tuliongeza sauti ya redio.

Mwaka huo, namba ya bure ya 1195 ilipokea simu 86 Februari. Juni zikapita 1,100. Si ati kupigwa kulianza na korona. Ila sasa anayekupiga hatoki, na nje kuna polisi. Kinachoweza kutoka ni sauti tu.

Baadaye mama alituambia alipiga 1195 akiwa bafuni, mfereji ukiwa wazi ili mzee asisikie. Mshauri wa mbali alimsikia. Sisi wa karibu tulijifanya viziwi.

Weka hiyo namba kwa simu yako leo.