Patna Pirates: Historia ya Timu ya Kabaddi Katika Ligi ya Mnada (2014–2025)

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha akisikia kwamba upo mchezo ambamo mchezaji hulazimika kulitamka neno moja bila kuvuta pumzi mpya, hana budi kutega sikio. Mchezo huo ni kabaddi, wenye asili yake katika vijiji vya India na nchi jirani. Timu mbili za watu 7 hukabiliana. Mvamizi huvuka mstari wa kati peke yake, huku akitamka «kabaddi, kabaddi» mfululizo ili mwamuzi ajue kwamba pumzi yake haijakatika. Huwagusa wapinzani kadiri awezavyo, kisha hujitahidi kurudi upande wake kabla hawajamkamata. Mlinzi aliyeguswa hutoka; mvamizi akikamatwa, hutoka yeye. Hata hivyo kutoka huko si kwa daima: wenzake wanapomtoa mpinzani mmoja, mchezaji mmoja wa upande wao aliyekuwa nje hurudi mchezoni.

Kanuni hii ya mwisho msomaji aiweke akilini, maana tutairudia. Katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya timu moja, Patna Pirates, tangu mwaka wa 2014 hadi 2025, ili tujibu swali hili: timu ambayo haki yake imenunuliwa na mfanyabiashara, na ambayo wachezaji wake wamenunuliwa mnadani, ni ya nani, na ushindi wake unakaa wapi? Swali hilo latuhusu hata sisi tusiocheza kabaddi, kwa kuwa kuuza na kununua wachezaji ni desturi iliyokwisha kuenea katika michezo mingi.

2. Mchezo wa kijiji waingia sokoni

Kabaddi iliingizwa katika Michezo ya Asia huko Beijing mwaka wa 1990. Tangu hapo wanaume wa India walitwaa medali ya dhahabu kila mara, hadi mwaka wa 2018 walipovuliwa na Wairani mjini Jakarta. Lakini medali hazikuleta utajiri. Wachezaji wengi hodari waliishi kwa mshahara wa shirika la reli, wa polisi au wa jeshi, na sifa zao hazikufika mbali.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2014 ilipoanzishwa ligi ya kulipwa iitwayo Pro Kabaddi League. Waanzilishi wake walikuwa mfanyabiashara Anand Mahindra na mtangazaji wa michezo Charu Sharma. Ligi hiyo ilianza na timu 8, na mwaka wa 2017 zikawa 12. Katika mpango huu timu haikui kutoka mtaani na kupanda daraja baada ya daraja. Mwenye fedha hununua haki ya kuwa na timu kwa jina la mji au la jimbo fulani. Hakuna kushuka daraja wala kupanda. Wachezaji hugawanywa kwa mnada, na kila timu huwekewa kikomo cha fedha inayoruhusiwa kutumia.

Katika mnada wa kwanza Patna Pirates walimnunua Rakesh Kumar kwa rupia laki 12 na elfu 80, bei iliyozidi bei zote za mwaka ule. Maneno haya mawili, rupia na laki, Kiswahili kiliyapokea zamani kutoka India kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo bei ya Rakesh Kumar twaweza kuitaja kwa maneno yale yale aliyoyatumia mnadi.

3. Mji, jina na watu

Patna ni makao makuu ya jimbo la Bihar, kando ya mto Ganga. Hapo zamani uliitwa Pataliputra, nao ulikuwa mji mkuu wa dola ya Maurya. Bihar ni jimbo lenye watu wengi na mapato madogo: sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 100.

Tutazame sasa jina la timu. «Pirates» maana yake ni maharamia, wezi wa baharini. Nalo jimbo la Bihar halina pwani. Jina hilo basi halitokani na jiografia ya mji. Nao wachezaji waliojenga sifa ya timu hawakuwa wana wa Bihar: wengi wao walitoka Haryana, jimbo lililo karibu na Delhi, ambako kabaddi hufundishwa vijijini tangu utoto. Basi tangu mwanzo mji, jina na watu vilikuwa vitu vitatu tofauti, vilivyofungwa pamoja kwa mkataba. Je, kifungo cha namna hiyo chaweza kuwa undugu?

4. Miaka ya mavuno, 2016–2017

Katika misimu miwili ya kwanza Patna walifika nusu fainali wakaishia hapo. Katika msimu wa tatu walimpata kijana kutoka kijiji cha Rindhana, Haryana, aitwaye Pardeep Narwal. Silaha yake ilikuwa kuinama ghafula na kupenya chini ya mikono ya walinzi kama mtu anayepiga mbizi, kisha kuibukia kwenye mstari wa kati.

Tarehe 5 Machi 2016, mjini New Delhi, wakiongozwa na nahodha Manpreet Singh, Patna waliwashinda U Mumba kwa pointi 31 kwa 28, wakapata kikombe chao cha kwanza. Mwaka huo ulikuwa na misimu miwili. Tarehe 31 Julai, mjini Hyderabad, waliwashinda Jaipur Pink Panthers kwa 37 kwa 29. Tarehe 28 Oktoba 2017, mjini Chennai, waliwashinda Gujarat kwa 55 kwa 38. Vikombe 3 mfululizo: hadi mwisho wa msimu wa 2025 hapakuwa na timu nyingine iliyofikisha idadi hiyo, hata kwa misimu iliyoachana.

Katika msimu huo wa 2017 Pardeep alipata pointi 369 za uvamizi. Katika mchezo mmoja dhidi ya Haryana Steelers, ambao Patna walishinda kwa 69 kwa 30, alipata 34 peke yake. Katika uvamizi mmoja wa siku ile aliwatoa walinzi wote 6 waliokuwa wamebaki, akaongezewa pointi 2 za kuimaliza timu nzima, akarudi na pointi 8.

Lakini hakuna hata kikombe kimoja kati ya vile 3 kilichopatikana Patna. Tena katika mwaka wa 2017 hata michezo ya nyumbani ya timu ilifanyika Ranchi, mji wa jimbo la Jharkhand, ambalo lilitengwa na Bihar mwaka wa 2000. Watu wa Patna waliyashangilia mavuno yao mbele ya televisheni.

5. Mti wenye matunda

Wahenga walisema kwamba mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Katika ligi ya mnada methali hiyo ina maana ya hesabu. Timu ikishinda, bei ya wachezaji wake hupanda. Lakini kikomo cha fedha ni kile kile kwa timu zote, iwe ya kwanza au ya mwisho. Kwa hiyo mshindi hawezi kuwabakiza wote aliowakuza. Mwaka wa 2018 Monu Goyat, aliyekuwa mvamizi wa pili wa Patna, alichukuliwa na Haryana Steelers kwa rupia milioni 15.1, bei kubwa kupita zote za mnada ule. Pardeep alibaki, walakini mtu mmoja si timu: katika misimu ya 2018 na 2019 Patna hawakufika hatua ya mtoano.

Mwaka wa 2020 ligi haikuchezwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mnada ulipofanyika mwaka wa 2021, Patna walimwachilia Pardeep mwenyewe, naye akanunuliwa na UP Yoddha kwa rupia milioni 16.5. Bei hiyo ni karibu mara 13 ya ile ya Rakesh Kumar, na miaka 7 tu ilikuwa imepita.

Hata hivyo mnada ule ule uliwafungulia mlango wachezaji wa mbali. Kenya ilishiriki Kombe la Dunia la kabaddi lililochezwa Ahmedabad mwaka wa 2016, na baadaye Patna waliwahi kuwa na Mkenya katika kikosi chao, Daniel Odhiambo. Kutoka Iran alikuja kijana Mohammadreza Shadloui, mlinzi ambaye katika msimu wake wa kwanza alipata pointi 89 za kukamata, akawa mlinzi bora wa ligi nzima.

6. Fainali mbili

Msimu huo wa 2021–2022 ulichezwa wote Bengaluru, bila watazamaji. Watu wengi walidhani kwamba Patna bila Pardeep ni mkuki bila ncha. Kumbe waliongoza msimamo wa ligi, na katika nusu fainali wakakutana na UP Yoddha, yaani na Pardeep, wakawashinda kwa 38 kwa 27. Tarehe 25 Februari 2022 wakaingia fainali na Dabang Delhi, wakashindwa kwa pointi moja tu, 37 kwa 36.

Fainali ya pili ilichezwa Pune tarehe 29 Desemba 2024. Patna walikuwa na mvamizi mpya, Devank Dalal, aliyevuka pointi 300 katika msimu ule. Wapinzani wao walikuwa Haryana Steelers. Kocha wa Haryana alikuwa Manpreet Singh, yule nahodha aliyewapa Patna kikombe cha kwanza. Ngome ya Haryana ilikuwa na Shadloui, yule mlinzi aliyepata jina akiwa Patna. Haryana walishinda kwa 32 kwa 23. Mwaka uliofuata Devank naye akaenda Bengal Warriorz kwa rupia milioni 22.05. Na katika mnada huo huo wa 2025 jina la Pardeep Narwal lilitajwa, pasiwe na timu iliyotaja bei. Mtu mwenye pointi 1,801 za uvamizi, nyingi kuliko za mchezaji yeyote katika historia ya ligi, akatangaza kustaafu.

7. Hitimisho

Turudi kwenye ile kanuni tuliyoianza nayo. Uwanjani, mchezaji aliyetoka hurudi kwa juhudi ya wenzake. Mnadani sivyo: aliyetoka Patna alirudi mbele ya Patna akiwa amevaa rangi za wengine, na ustadi alioupata hapo akautumia dhidi ya hapo. Hatusemi kwamba mnada ni ubaya mtupu. Kabla yake wana wa vijiji vya Haryana hawakulipwa mamilioni, wala Mkenya na Mwirani hawakukaa katika kikosi kimoja mbele ya mamilioni ya watazamaji. Haki hii lazima tuitaje.

Tunalosema ni kwamba ligi ya namna hii humpa mchezaji bei na mmiliki cheti, lakini ukumbusho haumwachii yeyote kati yao. Mchezaji huondoka, mmiliki aweza kuuza. Anayebaki ni mtu wa Patna, ambaye hakuchagua jina la timu, hakuwachagua wachezaji, na wala hakuviona vikombe vikinyanyuliwa mjini kwake. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba Manpreet, Pardeep, Monu na Shadloui waliwahi kuwa «wetu». Kwa maoni yetu undugu wa timu na mji wake huanzia hapo, katika neno hilo moja la kumiliki, nalo halijapata kunadiwa. Mwanahistoria wa michezo akitaka kujua timu ni ya nani, na aanze kwa kusikiliza ni nani bado anasema «yetu» baada ya fainali kupotea.