Urithi wa Bibi Salme

Zamani misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipumzika Taveta, nchi ilimo Bomeni yetu, kabla ya kuingia nyika ya Wamasai au kurejea pwani. Pembe zilipofika Mombasa na Pangani zililipiwa ushuru, na ushuru huo ukaenda kwa Sultani wa Unguja. Utajiri wa namna hiyo ndio uliowapamba mabinti wa jumba lake kwa mikufu, vikuku, vipuli na mitali. Baadaye ugomvi wa urithi katika jumba lile ulikuja kuigusa Taveta yenyewe.

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini mwaka 1856, akaacha watoto zaidi ya 30. Kiti cha enzi hakikugawanywa kwa mafungu ya sheria: Majid alishika Unguja, Thuwain akashika Omani. Lakini mali yake mwenyewe ilikuwa na kanuni yake. Kwa sheria ya Kiislamu hulipwa kwanza madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kidani hakikatwi vipande. Hukadiriwa thamani, kikahesabiwa katika fungu la mmoja, au kikauzwa. Na mapambo ya mwanamke ni mali yake. Mumewe hana haki ya kumnyang'anya.

Miongoni mwa warithi alikuwamo Salme, binti wa miaka 12. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, Salme alimwandikia barua za siri. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Salme na dada yake Khole walimtoa usiku, amejifunika shela kama mwanamke. Hata hivyo jaribio lake lilishindwa.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa akaolewa na Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni.

Jamaa zake wa Unguja walipokufa mmoja mmoja, Salme alidai fungu lake. Barghash, aliyekuwa Sultani tangu 1870, alikataa, kwani kwa sheria aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Salme alikumbuka usiku ule wa 1859. Barghash alishika sheria.

Hapo Ujerumani ikaingia kati. Mwezi Agosti 1885 Salme alifika Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Bismarck hakuwa na haja ya mikufu wala mashamba, alitaka nchi. Barghash alilazimika kuyakubali madai ya Wajerumani barani, na Salme akarudi mikono mitupu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka, nao ukapitishwa kati ya Taveta na Uchagani. Salme alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Katika habari hii ndugu hawakupatana, na aliyeshika kapu alikuwa mgeni. Mwanafunzi wa Bomeni auonapo mpaka ule, na akumbuke kwamba dai la dada mmoja juu ya urithi wake lilitiwa katika mizani ya walioigawa nchi.