Mafuta na Mvuke Wake

Watu wengi hudhani kuwa kitu cha kuogopwa katika petroli ni petroli yenyewe. Dhana hiyo ina upungufu. Kinachowaka si kile kimiminika, bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne; kwa hiyo haupandi juu ukatoweka, bali hutambaa chini kama maji, ukaingia mitaroni na mashimoni, ukingojea cheche. Ukiwa haba mno, hauwaki. Ukiwa mwingi mno, hauwaki pia, maana hewa haitoshi. Lakini baina ya kadiri ya sehemu moja na nusu na sehemu nane katika 100 za hewa, mvuke wa petroli huwaka kwa kishindo. Historia ya kusafirisha mafuta ni historia ya watu kujifunza jambo hilo, na baadhi yao walijifunza kwa kupoteza roho zao.

Mwaka 1861 merikebu ya matanga iitwayo Elizabeth Watts ilipeleka mafuta kutoka Philadelphia, Marekani, hadi London. Mafuta hayo yalitiwa katika mapipa ya mbao, na mapipa ya mbao huvuja. Baadaye yalikuja madebe ya bati, yaliyopangwa mawili mawili katika sanduku. Madebe hayo yalifika hata pwani yetu yakiwa yamejaa mafuta ya taa, na mafuta yalipokwisha, watu hawakuyatupa. Debe likawa kipimo cha nafaka, na sokoni jina lake lingali likitajwa.

Walakini biashara ilikua upesi kuliko madebe. Mwaka 1886 iliundwa Uingereza meli iitwayo Glückauf, kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Mafuta yalimiminwa moja kwa moja katika matangi yaliyokuwa sehemu ya mwili wa meli. Mwaka 1892 meli nyingine, Murex, ya Marcus Samuel, ilipita katika Mfereji wa Suez ikiwa na mafuta ya taa kutoka Batum kwenda Asia ya Mashariki. Kabla ya hapo wenye mfereji walikuwa wakizikataa meli za namna hiyo kwa hofu ya moto. Murex iliundwa kwa makusudi ya kuwaondolea hofu hiyo, nao wakairuhusu ipite.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo ambalo mapipa na madebe hayakulidhihirisha. Tangi la mafuta halipati kuwa tupu kweli kweli. Mafuta yakitolewa, mvuke hubaki. Na kimiminika kingine kikiingia, kiwe mafuta au maji, mvuke uliomo hapana budi utoke. Kwa miaka mingi uliachwa utoke kwa mabomba ya hewa, na upepo ndio uliotegemewa kuutawanya.

Upepo ni mlinzi asiye na mkataba. Tarehe 17 Desemba 1976 meli iitwayo Sansinena ilikuwa gatini katika bandari ya Los Angeles. Ilikuwa imekwisha kushusha mafuta yake, nayo ilikuwa ikitia maji ya bahari matangini ili ipate uzito wa kusafiria. Maji yalipoingia, mvuke ulisukumwa nje. Siku hiyo upepo ulikuwa dhaifu, mvuke ukatanda juu ya sitaha, ukapata moto. Meli ilipasuka, na watu 9 wakafa. Angalia vizuri, msomaji: shehena ilikuwa imekwisha kushuka. Kilichoua ni kile ambacho watu wamezoea kukiita utupu.

Somo hilo lilikuwa limekwisha kutolewa mwezi Desemba 1969, meli tatu kubwa mno zilipolipuka katika muda usiozidi wiki tatu, matangi yao yakioshwa. Marpessa ilizama karibu na Afrika ya Magharibi. Mactra ililipuka katika Mlango wa Msumbiji, kusini mwa bahari yetu hii. Ya tatu ilikuwa Kong Haakon VII. Wataalamu walipochunguza, walitambua kuwa maji yaliyorushwa kwa nguvu huleta ukungu wenye umeme tuli, nao huweza kutoa cheche ndani ya tangi.

Jibu la kwanza lilikuwa kuondoa hewa. Moshi wa matanuri ya meli huoshwa na kupozwa, kisha hutiwa matangini hata oksijeni isizidi sehemu 8 katika 100. Hapo moto hauwezi kuishi. Mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka 1978 ulieneza sharti hilo kwa meli nyingi za mafuta, nalo likaanza kutumika mwaka 1981.

Jibu la pili lilikuwa kuurudisha mvuke. Lori linaposhusha petroli kituoni, mabomba mawili huungwa: moja hupeleka petroli katika tangi la ardhini, na la pili huleta mvuke wa tangi hilo ndani ya lori. Kiasi kinachotoka ni sawa na kiasi kinachoingia. Katika bohari kubwa mvuke hupitishwa katika makaa maalumu yanayounasa, kisha hugeuzwa kuwa petroli tena. Basi yule mwenye mali hupata faida, na mfanyakazi huepushwa na kuvuta benzini, ambayo huleta saratani. Mkataba wa mwaka 1997, ulioanza kutumika mwaka 2005, uliziruhusu nchi kuzitaka meli zirudishe mvuke katika bandari zitakazotajwa.

Hata hivyo dawa hiyo nayo yataka uangalifu. Bomba linalounganisha meli na pwani laweza pia kuwa njia ya moto. Kwa sababu hiyo huwekwa ndani yake vizuizi vya chuma vyenye matundu membamba, vinavyoinyang'anya ndimi ya moto joto lake hata ikazimika.

Mambo haya si ya mabaharia peke yao. Tarehe 31 Januari mwaka 2009, lori la petroli lilipinduka huko Sachangwan, katika Bonde la Ufa. Watu walikusanyika kuteka petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Waliona mafuta, mvuke uliowazunguka miguuni hawakuuona. Husemwa kuwa ajali haina kinga. Lakini mambo tuliyoyaeleza yaonyesha kuwa ajali nyingi zina kinga, na kinga ya kwanza ni kujua. Basi anayejua mvuke ni nini, na akaona lori limepinduka barabarani, hana budi kukaa mbali, na kuwaita wengine warudi nyuma pamoja naye.