Gharama za Kuanza Nyumba Ugenini: Tokea Zama za Jahazi Hata Mesaimeer

Mwaka huu napenda kuandika juu ya jambo ambalo kila nyumba yetu imelipitia, ila aghalabu hatulizungumzi mbele za watu. Nalo ni fedha za kuanzia nyumba katika nchi ya watu. Safari tunazisimulia, kazi tunazisimulia, harusi ndizo kabisa; hesabu tunaificha. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilitoa shauri baya lililomtia hasara kijana wangu, nimeona si insafu kuwaonya wengine bila ya kulikiri kosa langu. Nitalieleza mahali pake. Kwanza tuanze na wazee.

Kabla ya watu wetu kwenda Ghuba kuanzisha nyumba, miti yetu ilitangulia. Majahazi yalikuja pwani kwa pepo za kaskazi na tende, chumvi na mazulia, yakarejea kwa kusi yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Katika nchi isiyo na misitu, boriti hizo ndizo zilizobeba mapaa. Ukiingia katika nyumba ya kale ya Doha, inua macho: chumba ni chembamba kwa sababu boriti haikuvuka sana mita 3, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti.

Wala si kila mtu wa kwetu aliyefika huko alikwenda kwa hiari yake. Pale Msheireb, katikati ya Doha, ipo Nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa mwaka 2015 kuwa makumbusho ya historia ya utumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952, yaani watu waliokuwa hai wakati huo baadhi yetu tumewadiriki. Hao hawakuwa na daftari la matumizi. Wao wenyewe waliandikwa katika madaftari ya wengine. Basi sisi tunaolalamikia bei ya makochi, tuwakumbuke.

Katika ukoo wetu wa kwanza kwenda kwa kutafuta kazi alikuwa ami yangu, mwaka 1961. Mafuta ya Qatar yalikuwa yameanza kusafirishwa mwishoni mwa mwaka 1949, na habari za mishahara zilikwisha kufika bandarini Mombasa. Alichukua sanduku moja la bati, mkeka, sufuria na msahafu. Fedha iliyotumika kule ilikuwa rupia ya Ghuba, nayo kwa hesabu ya siku zile ilikuwa sawa na shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Hesabu hiyo haikuwashinda wazee, maana Unguja nako rupia ilipoondolewa mwaka 1936 ilibadilishwa kwa kiasi hicho hicho.

Gharama ya ami ya kuanza nyumba ilikuwa karibu na hakuna, kwa sababu nyumba hakuihamisha. Mke na watoto walibaki Mombasa, yeye akalala chumba kimoja na wenziwe wanane. Alichokilipa hakikuandikwa kwa rupia: watoto watatu walikua wakimjua baba kwa barua. Na akiba yake aliiweka kwa mfanyabiashara wa Bombay, kwa rupia za Kihindi. Tarehe 6 Juni 1966 serikali ya India ikaishusha rupia, dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa rupia 4.76 ikawa kwa 7.50. Kwa usiku mmoja ami alipoteza zaidi ya theluthi ya jasho la miaka mitano, na hakuna aliyemwibia. Somo la kwanza ni hilo: usiweke akiba katika fedha ambayo si ile utakayoitumia.

Somo la pili nalipata kwa shangazi yangu. Yeye aliolewa Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 yeye na mumewe waliondoka na watoto na mabegi mawili. Nyumba ilibaki, vyombo vilibaki, hata sufuria ilibaki jikoni. Walikaa Dar es Salaam miaka minane. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alipotawala Oman akawafungulia mlango Waomani waliokuwa nje, na mwaka 1972 shangazi na mumewe wakahamia Maskati. Watu wa Unguja waliokwenda wakati ule walipata kazi maofisini kwa sababu walikuwa wamesoma, lakini wengi walifika mikono mitupu, maana fedha za kigeni kuzitoa Tanzania lilikuwa jambo la vibali.

Shangazi alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu, nami nililiona kwa macho yangu. Kila ukurasa aliupiga mistari ukawa na safu tatu. Ya kwanza aliiandika NJIA, ya pili NYUMBA, ya tatu MAREJEO. Katika njia aliweka nauli, pasi, picha na mizigo. Katika nyumba aliweka kodi, godoro, jiko, maji. Katika marejeo aliandika nauli ya watu wote wa nyumba kurudi walikotoka, na chakula cha miezi mitatu. Na safu hiyo ya tatu ndiyo aliyoijaza kwanza. Fedha taslimu hakuwa nayo. Alikuwa na bangili sita za dhahabu. Mwaka wa kwanza walilala juu ya mikeka, mumewe akamwomba auze mbili wanunue vitanda. Akamjibu, “Hizi si mapambo, hizi ni nauli. Kitanda sikuwahi kukimbia nacho.” Vitanda walivinunua mwaka wa pili, kwa mshahara. Bangili zilibaki sita.

Sasa naja kwetu Mesaimeer. Mtaa huu uko kusini mwa Doha, jirani na Abu Hamour, na watu wengi wanaujua kwa makaburi yake makubwa na, tangu mwaka 2008, kwa makanisa yaliyojengwa katika eneo moja la ibada. Kijana wangu alikuwa amekaa Doha miaka mitatu akiishi na wenzake. Desemba 2012 akapata ruhusa ya kuwaleta mkewe na watoto wawili, nami nikaenda nao wakati wa likizo ya shule. Ili kumsaidia niliuza kiwanja changu kidogo. Kilitoka, baada ya kubadilishwa, riyali 41,000. Wakati huo riyali moja ilikuwa kama shilingi 23 za Kenya.

Hapa ndipo kosa langu. Kijana alitaka kuanza kidogo kidogo. Mimi nikamwambia, “Mkaza mwanangu ametoka nyumba ya watu, asije akakuta sakafu tupu wakasema tumemfukarisha.” Nikawapeleka dukani mimi mwenyewe. Daftari la siku zile ninalo, na nalinakili kama lilivyo, kwa riyali:

Kodi ya mwezi wa kwanza, 4,500.
Amana ya mwenye nyumba, 4,500.
Dalali, 2,250.
Viyoyozi vitatu vya mtumba, 2,100.
Friji, jiko na mashine ya kufulia, 4,600.
Makochi, kabati na meza ya kulia, 11,800.
Vitanda na magodoro, 3,900.
Mapazia na mazulia, 2,700.
Jumla, 36,350.

Zikabaki 4,650, nami nikaona tumefanya vizuri. Msomaji mwenye akili ataona yale ambayo hayamo. Hayamo mihuri ya cheti cha ndoa cha kadhi na vyeti vya kuzaliwa, wizarani na ubalozini, pamoja na kuvitafsiri kwa Kiarabu. Haimo ikama ya watu watatu. Haimo amana ya umeme na maji, wala bili yenyewe, na mgeni Qatar huilipa, tena viyoyozi ndivyo vinavyoikuza. Haimo ada ya shule: watoto wawili, muhula mmoja, riyali 7,600. Na safu ya tatu ya shangazi haimo kabisa. Makochi yalikuwa mazuri sana.

Lililobaki ni karatasi ya nyumba. Ilikuwa sehemu ya vila iliyokatwa vipande vinne kwa kuta za mbao, na mita moja ya umeme kwa wote. Aliyetukodisha, simtaji, alisema mkataba utasajiliwa “wiki ijayo”, akachukua cheki kumi na mbili za tarehe za mbele, kama ilivyo desturi. Nchini Qatar cheki isiyo na fedha ni kosa la jinai, kwa hiyo kila mwezi kijana alilipa kodi kwanza na kula baadaye. Mei 2013, joto limeanza kupanda, wakaguzi wakaja. Vila ilikuwa imegawanywa bila ya kibali, na wapangaji wote wakatakiwa kuondoka. Amana haikurudi. Kuta zilipobomolewa, viyoyozi viwili vilivunjika. Makochi ya riyali elfu kadhaa yaliuzwa soko la Haraj, ambako vyombo vilivyotumika huuzwa, kwa riyali 900 na makabati juu yake.

Nyumba nyingine ilitaka amana nyingine, kodi nyingine na dalali mwingine, na fedha haikuwapo. Kijana alikopa riyali 3,900 kwa jamaa watatu, wamo katika kitabu hiki na Mwenyezi Mungu awalipe, akakata tiketi tatu. Mkaza mwanangu na wajukuu wakarudi Mombasa. Nilikwenda kuwapokea mimi. Yule mdogo aliniuliza kama baba yao atakuja kesho. Walikaa kwetu miezi kumi na mmoja, na kila nilipomwona mama yao akiwaogesha watoto kwa ndoo, nilikuwa nikiyaona makochi yale.

Mkaza mwanangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Alichofanya ni kuniomba nimpeleke kwa shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amekuja kututembelea. Wakakaa barazani siku nzima na lile daftari la buluu. Aprili 2014 walipohamia tena Doha, aliyeshika hesabu alikuwa yeye. Safu ya marejeo ilijazwa kwanza: nauli za watu wanne na kodi na chakula cha miezi mitatu, katika riyali, benki ya huko huko. Pili, hakuna fedha iliyotoka mpaka mkataba uliosajiliwa ulipoonekana kwa macho. Tatu, ada na karatasi. Nne, magodoro, jiko na friji, vyote vya Haraj. Samaki na mboga walinunua soko la jumla lililokuwa Abu Hamour, jioni, bei zikishuka. Wageni walikaa juu ya busati. Makochi yalikuja baada ya miezi kumi na minne, na hayakumdhuru mtu.

Kama kuna anayedhani hiyo ni hofu ya wanawake, na aikumbuke tarehe 5 Juni 2017. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Saudi Arabia, Imarati, Bahrain na Misri zikakata uhusiano na Qatar, na mpaka wa nchi kavu, ambao ndio uliopitisha sehemu kubwa ya chakula, ukafungwa. Watu walikimbilia madukani, maziwa na kuku vikatoweka siku hiyo hiyo. Ndege za moja kwa moja baina ya Doha na Dubai zikasimama, na jamaa zetu wa pande hizo mbili wakawa wanaonana kwa kupitia Maskati au Kuwait. Muda si muda shehena zikaanza kuja kwa meli kutoka Sohar, Oman, mpaka bandari ya Hamad, na mambo yakatulia, ingawa mpaka haukufunguliwa mpaka Januari 2021. Katika wiki zile za kwanza nilipiga simu Mesaimeer nikiwa na wasiwasi. Mkaza mwanangu akaniambia, “Baba, tumefutari. Safu ya tatu ipo.”

Naongeza jambo moja la hesabu kwa vijana. Riyali imeshikamana na dola kwa 3.64 kwa miongo mingi. Shilingi zetu haziko hivyo: ile riyali ya shilingi 23 mwaka 2012 ilipita shilingi 40 mwishoni mwa 2023.  Na anayedhani kwamba akiishiwa kule atauza kitu nyumbani, ajue kwamba kila mwaka kitu hicho huenda kikamnunulia riyali chache zaidi. Ami yangu angemweleza hayo kwa rupia.

Shangazi alifariki mwaka juzi Maskati. Mwenyezi Mungu amrehemu. Bangili ziligawiwa, na moja amepewa mkaza mwanangu, ambaye si damu yake. Baadhi ya wazee wetu waliokwenda Doha na safu ya marejeo imejaa hawakuitumia kamwe. Wamelala katika makaburi ya Mesaimeer, na watoto wao wanapita hapo wakienda kazini. Hilo halifanyi safu ile kuwa fedha iliyopotea. Waliishi miaka yao yote bila ya kuogopa barua ya tajiri wala hodi ya mwenye nyumba, kwa kuwa walijua wanaweza kuondoka.

Basi, ndugu zangu, mwaka huu nasikia nyumba tatu katika jamaa zetu zinajitayarisha kuhama. Kabla hamjauza chochote, chukueni daftari, mpige mistari miwili iwe safu tatu, na mwanze na ya mwisho. Na akitokea baba mkwe akasema sakafu tupu ni aibu, mpeni ukurasa huu asome.

Wabillahi tawfiq.