Fundi anakataa kukurudishia gari au pikipiki: ufanye nini?

Pikipiki inaingia gereji Jumatatu kwa tatizo dogo la klachi. Fundi anasema njoo Jumatano. Jumatano spea haijafika kutoka Dar. Wiki inayofuata unakuta injini imeshushwa, iko kwenye karai, na fundi anataka pesa nyingine. Mwezi wa pili simu haipokelewi, au inapokelewa na mtu anayesema fundi yuko msibani. Msikilizaji wa Somanga, Njinjo, Pande au Liwale hahitaji kusimuliwa zaidi.

Kwa mwenye bodaboda hasara si ya usumbufu tu. Kila siku chombo kikiwa gereji ni hesabu iliyopotea. Na pikipiki nyingi za huku kwetu zimenunuliwa kwa fedha za korosho au ufuta, yaani msimu mzima wa jasho, au kwa mkopo ambao marejesho yake hayasubiri fundi amalize.

Jambo la kwanza kulishika ni hili: chombo kikiwa gereji bado ni chako. Fundi amekabidhiwa tu. Mkulima wa Lindi analielewa hili vizuri kuliko anavyodhani, kwa sababu ndivyo ulivyo mfumo wa stakabadhi ghalani. Korosho ikiingia ghalani haiwi ya mwenye ghala. Yeye ni mtunzaji, na ile karatasi uliyopewa inaonyesha ulileta nini na kilo ngapi. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo asiyekubali kuacha gunia moja ghalani bila stakabadhi, anaacha gari la mamilioni chini ya mwembe pale Nangurukuru bila hata mstari mmoja wa maandishi.

Sheria inasema nini

Kukabidhi mali kwa ajili ya kazi maalumu, kisha irudishwe kazi ikiisha, ni mkataba unaotambuliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1961, na mengi ndani yake yalitoka kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, iliyokuwa ikitumika hapa wakati wa ukoloni. Mkataba si lazima uwe wa karatasi. Maneno ya mdomo yanatosha kuwa mkataba. Taabu yake ni kuyathibitisha.

Chini ya sheria hiyo fundi ana wajibu wa kutunza chombo kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake. Haruhusiwi kukitumia kwa jambo lingine. Akiazima pikipiki yako kwenda harusini Kivinje, au akampa kijana apige bodaboda jioni, na ikapata ajali, hasara ni yake hata kama aliyesababisha ajali ni mwingine.

Lakini fundi naye ana haki, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kama ameifanya kazi mliyokubaliana na hujamlipa, sheria inamruhusu kukishikilia chombo mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Huo si wizi, na ukienda polisi kulalamika utarudishwa. Isipokuwa kama mlikubaliana tangu mwanzo kwamba utachukua chombo kwanza na kulipa baadaye. Hapo hana cha kushikilia.

Haki hiyo ina mipaka. Ni ya kushikilia, si ya kuuza. Fundi anayesema "usipokuja mwisho wa mwezi nauza" anatishia jambo ambalo hana mamlaka nalo. Anayedai fedha anapaswa kwenda mahakamani. Tena anashikilia kwa deni la kazi ya chombo hicho. Hawezi kuzuia gari lako kwa sababu kaka yako hakumlipa mwaka jana.

Basi kabla ya kuchukua hatua yoyote jiulize: anashikilia kwa sababu gani? Kama kazi imefanyika na mnabishana bei, tatizo lenu ni la bei. Kama kazi haijafanyika, au ameharibu, au pesa ya spea ameila, hana haki ya kukuzuia chombo chako, na wewe unaweza kudai fidia juu yake.

Ucheleweshaji pia upimwe kwa haki. Spea nyingi za huku zinatoka Dar es Salaam, na barabara ni ileile moja. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Fundi aliyesema wakati ule spea imekwama alikuwa anasema kweli. Njia ya kumtambua mkweli ni rahisi: mwombe akuonyeshe ujumbe wa malipo aliyotuma dukani, au namba ya basi lililobeba mzigo. Mwenye kweli atakuonyesha palepale.

Usiende usiku

Kuna wanaotumia funguo ya akiba na kwenda kuchukua gari lao alfajiri. Tunawaelewa, ila ni hatari kubwa. Anayeonekana akisukuma pikipiki gizani anaweza kuitiwa mwizi kabla hajapata nafasi ya kuonyesha kadi, na sote tunajua kinachofuata kelele hizo. Hata ukifika nyumbani salama, fundi aliyekuwa anakudai kihalali atakuwa amepata kesi dhidi yako. Nenda mchana, na usiende peke yako.

Chukua mtu mzima anayeheshimika na nyote wawili, pamoja na kadi ya usajili au nakala yake. Kama kadi iko kwa aliyekukopesha, beba mkataba wa mkopo. Kama ni dereva wako aliyeipeleka pikipiki gereji, mwende pamoja, maana jibu la kwanza la fundi mjanja ni "mimi namjua dereva, wewe sikujui". Ukifika, piga picha za chombo kilivyo, namba ya usajili ionekane, na vile vilivyofunguliwa. Mwulize kwa utulivu mambo matatu: kazi gani imefanyika, anadai kiasi gani, na lini utachukua. Shahidi wako asikie majibu.

Siku hiyohiyo tuma ujumbe wa simu. Hii ndiyo hatua ambayo watu wanaiona ndogo, nasi tunaiona kubwa kuliko zote. Unaweza kuandika hivi:

"Fundi, habari za kazi. Nilikukabidhi pikipiki yangu (andika namba) tarehe 3 kwa kutengeneza klachi. Nilikupa sh. 80,000 ya spea kwa simu siku hiyohiyo. Leo tarehe 28 nimekuja na haijatengenezwa. Naomba unirudishie pikipiki na vifaa vyake vyote ifikapo tarehe 4. Kama kuna pesa unanidai, nijulishe kiasi na kazi uliyofanya."

Hakuna tusi, hakuna kitisho. Kuna tarehe, namba, kiasi na siku ya mwisho. Umuhimu wa siku ya mwisho ni kwamba fundi asiporudisha mali kwa wakati unaostahili kwa makosa yake, sheria inamtwika hasara yoyote itakayotokea kuanzia hapo. Gereji ikifurika maji, au chombo kikaibiwa, hawezi tena kusema ni mipango ya Mungu. Na ujumbe wa simu ni ushahidi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua. Usiufute, wala usifute ule wa muamala wa pesa. Ukibadilisha simu, kwanza andika yaliyomo kwenye daftari na upige picha kioo chake. Wazee hawakukosea waliposema mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa mwenyekiti, kisha mahakamani

Siku uliyompa ikipita, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji cha mahali gereji ilipo. Hawa hawatoi hukumu. Wanachoweza ni kumwita fundi, kuwasikiliza, na kuandika mlichokubaliana. Baraza la kata nalo kazi yake ya msingi ni usuluhishi. Usidharau hatua hii: fundi anaishi kwa jina lake, na anayeitwa mbele ya majirani mara nyingi hukumbuka haraka ile spea ilipo. Kama ni ndugu, mtoto wa shangazi kwa mfano, huenda kikao cha ukoo kikatangulia. Vyovyote iwavyo, mwisho wa kikao pawe na karatasi yenye tarehe, kiasi, sahihi zenu na mashahidi. Ahadi isiyo na tarehe usiipokee.

Ikishindikana, fungua madai Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya mali zinazohamishika yasiyozidi thamani ya sh. milioni 30, kwa hiyo pikipiki zote za kawaida na magari mengi ya huku yanaingia humo. Zaidi ya hapo, nenda Mahakama ya Wilaya. Dai hufunguliwa mahali mdaiwa anapoishi au anapofanyia kazi, au pale tatizo lilipotokea. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na huhitaji wakili. Kuna ada ya kufungua; utapewa namba ya malipo ya serikali, na usimpe mtu pesa mkononi.

Eleza unachotaka: kurudishiwa chombo, au thamani yake kama hakipo tena, pesa ya spea isiyonunuliwa, na hasara ya siku ulizokosa hesabu. Hilo la mwisho lithibitishe kwa daftari la hesabu za dereva au mkataba wenu, si kwa kukisia. Katika kesi ya madai mahakama haisubiri uthibitisho usioacha shaka yoyote kama kwenye jinai. Inapima ushahidi wa nani una uzito zaidi. Ndiyo maana picha tatu, ujumbe mmoja na shahidi mmoja vinaweza kumshinda fundi mwenye maneno mengi. Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Na ukishinda halafu fundi akakaidi, rudi mahakamani uombe hukumu ikaziwe.

Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma kwa asiye na uwezo ni ya bure.

Polisi ni wakati gani

Askari akikwambia "hilo ni dai, nenda mahakamani", mara nyingi yuko sahihi. Polisi si wakusanya madeni. Lakini mambo hubadilika pale fundi anapokana kwamba hukumpa chombo, anapokiuza, anapochomoa spea na kuziuza, au anapokitumia bila ridhaa yako. Hapo kuna jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Nenda kituoni na kadi, picha na ujumbe, ueleze jambo lililotokea badala ya kusema tu "nimedhulumiwa", na uondoke na namba ya RB. Kesi ya jinai haikuzuii kudai mali yako.

Siku ya kuchukua chombo

Hata akikubali kurudisha, usikimbilie kuwasha na kuondoka. Hakikisha namba ya injini na namba ya chesisi zinafanana na zilizo kwenye kadi, maana injini huweza kubadilishwa na usigundue mpaka siku ya kuuza. Angalia betri, kabureta, matairi, jeki na tairi la akiba. Spea iliyobadilishwa, dai ile ya zamani uione. Kama mnabishana bei na wewe una haraka ya chombo, unaweza kulipa huku ukiandika kwenye ujumbe kwamba umelipa ili uchukue chombo na kiasi hicho hukikubali, kisha udai tofauti baadaye. Mwisho andikishaneni: chombo kimetoka, tarehe, saa, kipi kinakosekana. Kama fundi hataki kutia sahihi, mpigie simu mwenyekiti aje aone kabla chombo hakijatoka getini.